Kompyuta za Wageni

Naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku bibi yangu alipoomba chai kwenye kikombe cha maua. Kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya, utadhani aliyenyimwa ni mimi.

Nilikuwa binti mdogo, tunakaa Kigwa, baba anafanya kazi ya reli. Alikuwa amenunua vikombe vyeupe vya udongo, vimechorwa maua mekundu, na mama akavipanga kwenye kabati la kioo pale sebuleni, akavifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Vilikuwa vya wageni. Sisi wa nyumbani tulinywea vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, na wala hatukuona ajabu, maana kila nyumba niliyoijua ilikuwa na kabati lake na vyombo vyake vya wageni.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anaishi nasi. Masika yale akashikwa na homa, chakula hakipiti, anataka chai tu, na kile kikombe cha bati kikawa kinamuunguza midomo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nitilie kwenye kile cha maua." Nikaenda kumwambia mama. Mama alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. "Mwambie vile ni vya wageni." Hakusema kwa ubaya, usimfikirie vibaya mama yangu. Alisema vile mtu anavyosema kesho ni Jumanne. Nikarudi na chai ileile kwenye bati lilelile. Bibi akalitazama kabati, akacheka kidogo.

"Basi naona vinangoja nife ndipo vitoke," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipofariki, watu walikuja msibani kutoka Urambo, kutoka mjini, ndugu ambao hawakuwahi kuja alipokuwa hai, na mama akafungua kabati. Mimi ndiye niliyepita na sinia. Baba alipoona kile kikombe cha maua mkononi mwa jirani alitoka nje, akasimama upande wa reli mpaka watu walipoanza kuimba. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa tena. Ila kuanzia siku hiyo mama hakulifunga kabati kwa ufunguo, na vile vikombe tukawa tunanywea uji kila asubuhi.

Sasa utaniuliza vikombe vya Kigwa vinakuhusu nini wewe, kijana wa leo, unayesoma haya huku simu nyingine inachaji ukutani. Ngoja nikupeleke chuoni.

Nina mjukuu, Kabula, mtoto wa mwanangu anayelima tumbaku Urambo. Nimemlea mimi hapa Itetemia, mjini Tabora, na alipomaliza sekondari akachaguliwa kwenye chuo kimoja cha hapa mjini. Jina la chuo silitaji, maana sitaki kugombana na watu ninaosalimiana nao kanisani Jumapili. Chuo hicho kina chumba cha kompyuta. Chumba kizuri, kina mapazia, kina feni, kina kompyuta zimepangwa kwenye meza ndefu. Kabula alipoingia mwaka wa kwanza alikikuta kimefungwa. Alipofika mwaka wa mwisho bado alikuwa anakijua kwa kukichungulia dirishani.

Nilikuwa namuuliza kila likizo. Mwanzo aliniambia, "Bibi, wanasema vumbi la kiangazi litaziharibu." Kiangazi kikapita, mvua zikaanza, wakasema radi. Radi nazo zikapita, ikawa mtaalamu wa kuzikagua hajafika. Na wakati huohuo, mwanangu, walikuwa wanafundishwa somo la kompyuta! Mtihani wake waliufanya kwa kalamu na karatasi. Waliambiwa wachore kibodi, wakachora. Kabula alipata alama nzuri sana kwa kuchora kibodi ambayo hajawahi kuigusa, na mimi bibi yake nikajisikia kulia, nikashindwa kumpongeza.

Kazi zao waliandikia kwenye simu. Umewahi kumtazama mtoto anayeandika ripoti nzima ya utafiti kwa vidole gumba? Kabula alikuwa amefanya utafiti kuhusu visima vya vijiji vya Uyui, amezunguka juani, ameongea na akina mama wanaochota maji. Akaketi hapo mlangoni kwangu, shingo imepinda, anabonyeza, anafuta, anabonyeza. Akimaliza, majedwali yake yanahama, namba ya kisima hiki inakaa kwenye kijiji kile. Msimamizi wake anamwandikia: rudia, ipange vizuri kwenye kompyuta. Kompyuta ipi? Ndipo wanapokimbilia steshenari za mjini, wanapanga foleni na wenye kuchapa kadi za harusi, wanachomeka flashi zao kwenye mashine iliyokwisha kuchomekwa na mji mzima, wanatoka na virusi. Na kule chuoni kompyuta zimelala, zimefunikwa vitambaa.

Vitambaa vya kufuma, mwanangu. Nitakuambia nilivyoviona kwa macho yangu.

Chuo kiliandaa siku ya kupokea wageni. Wazazi tulialikwa, na viongozi wa dini, na wazee wa vijijini, na mgeni rasmi kutoka mbali, twende tuone maendeleo. Nikavaa kitenge changu cha kwaya, nikafunga kidumu cha asali nimpelekee mtoto. Nikiwa bado chumbani, simu ikaita.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona sauti iko hivyo?"

Akaanza kulia kabla hajaniambia kitu. Leo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ripoti. Mfumo wa chuo unafungwa saa kumi jioni, na ambaye kazi yake haimo haingii kwenye mahafali, anarudia mwaka. Jana yake alikuwa steshenari anayapanga majedwali, yamebaki machache, umeme ukakatika mji mzima. Asubuhi hii amezunguka steshenari zote, ni giza tupu.

"Na hapo chuoni hakuna umeme?"

"Upo, Bibi. Jenereta inawaka tangu asubuhi na chumba cha kompyuta kimefunguliwa. Lakini tumeambiwa tusisogee ule upande, ni za wageni."

Nilikaa kitandani kwanza. Neno hilo nilikuwa sijalisikia likisemwa hivyo tangu nikiwa mtoto, na lilinirudishia kila kitu, hata harufu ya ile sebule.

"Kaa karibu na hicho chumba," nikamwambia. "Na flashi yako uishike mkononi."

Nikapanda bajaji. Getini mlinzi akanipigia saluti, akanibandika ua la karatasi kifuani, nikawa mgeni. Tulipitishwa maktaba, tukapitishwa bwenini, kisha tukafikishwa chumba cha kompyuta. Mwenye ufunguo ni Bwana Maganga, ofisa anayetunza mali za chuo. Ni mtu mnyoofu, nakuambia ukweli, hajaiba hata msumari, na pengine ndiyo maana walimwachia afanye anavyotaka. Tukavua viatu mlangoni. Tukapewa kandambili mpya. Ndani kulikuwa na ubaridi wa feni, na kila kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa pembeni, kama kile cha mama. Bwana Maganga akaanza kuvifunua polepole, kimoja kimoja, kama anafunua bibi harusi. Wageni wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natazama kibodi: bado ilikuwa na nailoni yake ya dukani.

"Wanafunzi wanazitumia lini?" nikauliza.

"Kwa utaratibu, mama."

"Utaratibu upi, baba?"

Akatabasamu. "Mama, hawa vijana wakizizoea hizi mashine wataziharibu. Tunazitunza. Ukija mwaka kesho utazikuta hivihivi."

Alisema kwa fahari, mwanangu! Alidhani amenipa habari njema. Watoto wameingia chuoni, wamesoma, wanakaribia kutoka, na yeye furaha yake ni kwamba hakuna kidole kilichofika. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mashine iliyokuwa karibu.

"Mama, samahani, hapo hapakaliwi."

"Kwani mimi si mgeni?"

"Ni mgeni, mama."

"Na hizi si za wageni?"

Watu wakaanza kugeuka kututazama.

"Basi mgeni wenu ameketi," nikamwambia, "na anataka kutumia alichokaribishwa. Ila mgeni wenu hajui kuchapa. Mjukuu wangu yuko hapo dirishani, atanichapia. Kabula! Njoo ndani, mama."

Sisi watu wa Tabora tumepokea wageni tangu misafara ya zamani ilipokuwa ikitua mizigo hapa kabla ya kuendelea Ujiji. Kati yetu hakuna anayeweza kumwinua mgeni kwenye kiti mbele ya wageni wengine, na Bwana Maganga ni mtu wa hapahapa. Akasogea pembeni. Kabula akavua viatu, akaingia na soksi zilizotoboka, akawasalimia wakubwa wote shikamoo, akaketi kwenye ncha ya kiti. Akaibandua ile nailoni. Flashi ilikataa kuingia, nikamshikia mkono.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja kutoka Nzega, mfupi, ana fimbo, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu pale chuoni. Alikuja kwa sababu alialikwa. Akatazama, akacheka meno yote nje. Akamnyooshea fimbo kijana mrefu aliyekuwa anachungulia dirishani. "Wewe! Na mimi ni mgeni. Njoo unichapie." Kijana yule anaitwa Shija, mtoto wa wafugaji wa Igunga, na yeye alikuwa na flashi yake mfukoni. Mama mmoja wa kanisa la Moravian akamwita binti. Shehe aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi akawaita wawili. Mara chumba kikajaa vijana wenye soksi, kila mmoja ana mgeni wake, wanabandua nailoni. Ungekuwepo ungecheka, mimi mwenyewe nilicheka.

Kicheko hakikudumu. Mashine za upande wa ukutani ziligoma. Moja ilitoa mlio tu, nyingine panya walikuwa wamezaa ndani ya boksi lake, nyaya zimetafunwa. Zile ambazo hazijaguswa ili zisiharibike zilikuwa zimeharibika kwa kutoguswa, zikiwa safi, zikiwa na vitambaa vyake. Na hata zilizowaka zilikuwa nzito, maana zimelala miaka yote bila kuamshwa. Kabula alisubiri, akabonyeza, akasubiri. Majedwali yakakaa sawa. Visima vyake vikarudi kwenye vijiji vyake. Akaingia kwenye mfumo, akaipandisha kazi, na pale kwenye kioo likatokea neno: imepokelewa. Akanilalia begani na kulia, kitenge changu cha kwaya kikalowa.

Wakati bado nampapasa mgongo, Bwana Maganga akatangaza chakula tayari. Wageni wakaanza kutoka kwenda kula pilau. Mimi nikabaki navaa viatu vyangu, na nikiwa nimeinama, ile ngurumo ya jenereta ikakatika. Feni zikasimama. Vioo vyote vikawa vyeusi.

Wageni wametoka, si ndiyo? Sasa jenereta iwake kwa ajili ya nani?

Shija alikuwa bado hajamaliza. Kazi yake ilikuwa katikati ya kupanda. Aliendelea kusogeza ile mausi huku na huku mbele ya kioo cheusi, kama mtu ambaye hajaamini. Mwanangu, nimeona mengi, lakini ule mkono wa mtoto unaosogea bure sitausahau.

Nilikwenda nyuma ya jengo na kiatu kimoja mguuni. Bwana Maganga alikuwa anafunga kibanda cha jenereta.

"Iwashe."

"Mama, mafuta haya yametolewa kwa shughuli ya wageni, na huko chumbani shughuli imekwisha."

Nilikwenda ukumbini, wageni wamekaa, sahani zimejaa, mgeni rasmi ananawa mikono. Sauti yangu ya kwaya ni kubwa, na siku hiyo niliitumia yote. Nikawaambia kuna mtoto wa watu amekaa gizani, mwaka wake mzima umekatika katikati kwa sababu sisi tumekuja kula. Mgeni rasmi aliinuka bila kugusa chakula, akaagiza jenereta iwashwe. Ikawashwa. Tukarudi chumbani mbio, wazee na vijana. Lakini ile mashine iliamka kivivu vilevile, na ilipofunguka mfumo ulikuwa umekwisha kufungwa. Saa kumi ilikuwa imepita tukiwa njiani. Waliokuwa wamemaliza walimaliza. Shija alirudia mwaka.

Bwana Maganga alinifuata getini. "Mama, umetuaibisha mbele ya wageni."

"Wageni ndio sisi, baba," nikamwambia. "Tumekula, tunaondoka. Uliowafungia mlango ndio wenye nyumba."

Alibaki amesimama na funguo zake. Sikumtukana, lakini sikumwomba radhi, na mpaka leo sijamwomba.

Jumatatu yake chumba kilifungwa tena. Usishangae. Ila wale vijana walikuwa wamekwisha kukaa kwenye vile viti. Shija, ambaye kwa mwaka ule hakuwa na kazi yoyote ya kuwasilisha, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni asubuhi. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akabisha hodi. Bwana Maganga alipotokea, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akasema, "Mzee, tumekuja wageni." Nyuma yake wenzake wamejipanga, viatu mkononi. Wakafukuzwa kwa upole. Kesho yake wakarudi, na kesho kutwa, shikamoo ileile, maneno yaleyale, hadi wahadhiri nao wakaanza kuona haya, na mkuu wa chuo akauliza hivi hawa wanaomba nini hasa ambacho si chao. Sasa chumba kinafunguliwa. Kompyuta zinazofanya kazi ni chache kuliko zilizokufa kwa kutunzwa, lakini zinatumika, kibodi zimeanza kufutika herufi, na Shija amepata nafasi yake ya kuwasilisha mwaka huu. Usinipongeze mimi. Alipoteza mwaka mzima wa ujana wake, na hakuna aliyemlipa wala aliyemwambia pole.

Haya, mwanangu, nimekuhadithia ili ushike jambo. Wewe leo ni mwanafunzi, unachungulia dirishani. Kesho utapewa ufunguo: wa maabara, wa maktaba, wa chumba cha kompyuta, wa ofisi yoyote. Siku hiyo utasikia ndani yako sauti tamu inayokuambia utunze. Jiulize unamtunzia nani. Ukikuta unamtunzia mtu atakayepita mara moja, akapiga makofi, akala pilau na kuondoka, huku mwenye haja amesimama mlangoni na soksi zake, ujue umekuwa Bwana Maganga. Na huhitaji kuwa mwizi ili uwe yeye, inatosha kupenda vitu vikae vizuri. Fungua. Kitu kikiharibika mkononi mwa anayejifunza, kimeharibika kwa heshima. Mfundishe, kitengenezwe, aendelee.

Na kama bado huna ufunguo, usiende kuvunja mlango, lakini usijifunze pia kuridhika na kuchungulia. Vua viatu, amkia wakubwa, uombe kilicho chako kwa jina lake. Ukifukuzwa, rudi kesho. Adabu haikukatazi kurudi.

Vile vikombe vya Kigwa nilivirithi mimi. Kimebaki kimoja, hiki ninachonywea sasa hivi ninapokuandikia. Vingine vyote vimevunjika miaka hii, na kila kimoja kilivunjika mkononi mwa mtu aliyekuwa anakunywa. Kabula alipokuja kuniaga kwenda kazini nilimtilia chai kwenye hiki. Akataka kukataa, akasema kimebaki peke yake, Bibi, kiache. Nikamwambia kunywa.

Mungu wa mababu zetu akufungulie kila mlango uliofungwa kwa kisingizio cha vumbi. Akupe macho ya kumwona aliyesimama nje wakati wewe uko ndani. Akujalie mvua za kutosha, mwili wenye nguvu na kazi ya kujivunia, na siku utakayokabidhiwa funguo, mkono wako uwe mwepesi kufungua. Na bibi yangu, aliyekufa akiomba kikombe, apumzike akijua kwamba kwetu vikombe havingojei tena mtu afe.